Kutafuta Asili ya Komeo la Mjomba Kondo

Safari yote imenigharimu jogoo mmoja mwenye miguu ya njano, ndala ya mguu wa kulia (ya kushoto nilirudi nayo), chupa mbili za asali ambazo sikuzihitaji, na heshima niliyokuwa nayo pale Gerezani, kwenye soko letu la vipuri vya magari, kama mtu anayejua kusoma namba za vyuma. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili ile heshima ilionekana ndogo kuliko nilivyodhani, kwa hiyo hasara si kubwa sana. Nauli siiweki humu, maana nyingi alilipa mtu mwingine, na huyo nitamfikia.

Mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, kijiweni, dukani, hadi msikitini, na nimechoka kusimulia vipande. Nayaandika yote hapa mara moja. Wale mnaosema kutoka Kariakoo mpaka Kigamboni si safari bali ni matembezi, jaribuni kwenda mkiwa na alama za bunduki mfukoni.

Uani, Mtaa wa Muhonda

Mjomba wangu Kondo, kaka yake mama, mlimfahamu wengi. Nyumba yake ni ile ya zamani ya vyumba sita, imebanwa na maghorofa pande tatu kama mgonjwa kwenye benchi la zahanati. Mlango wa uani unafungwa kwa komeo, na komeo lenyewe ni bunduki. Tangu utoto wetu tumeipitisha kwenye pete mbili za ukutani, jioni kufunga, alfajiri kufungua. Kila mlango ulipopakwa rangi, nayo ilipakwa. Juu kijani, chini yake bluu, chini ya bluu kijani nyingine. Kwamba ni bunduki, tulijua kama unavyojua kwamba kiti ni mti. Haikuwa habari.

Ikawa habari kwenye matanga yake.

Sisi ni Wazaramo, na Wanyamwezi ni watani zetu. Kwa asiyejua, mtani msibani anaruhusiwa yale ambayo mwingine angefukuzwa nayo. Anamsema marehemu, anavaa koti lake, anateka vitu vya nyumba mpaka mumkomboe. Msiba usio na mtani ni kama wali usio na nazi. Mtani wa mjomba siku zote alikuwa Bi Kalunde, mama wa Kinyamwezi muuza asali, mwembamba, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Siku ya tatu alilichomoa komeo kwenye pete, akaliweka begani, akaanza kupiga gwaride katikati ya waombolezaji.

"Jambazi wenu amekufa!" akatangaza. "Hii hapa ndiyo aliyoporea. Lile duka lake la kwanza mnadhani lilitoka wapi?"

Wazee walicheka mpaka wengine wakashika kuta. Mjane mwenyewe, Bi Mwamvua, alicheka ndani ya kanga yake huku machozi yanamtoka. Tukamkomboa Bi Kalunde kwa doti ya kitenge, komeo likarudi kwenye pete, wali ukapakuliwa.

Tatizo ni kijana anayepanga kile chumba cha mbele, anayeuza kava za simu. Ametoka mbali, mambo ya utani wetu hayajui. Alirekodi. Kipande alichorusha kinaishia kwenye "lilitoka wapi", kicheko hakimo. Kikazunguka kwenye magrupu, kikafika kwa watu waliohamia kwenye maghorofa ambao mjomba walimjua kama mzee wa kanzu anayewasalimia tu, kisha kikafika kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha polisi. Akaja afande mmoja, mpole, akavua viatu mlangoni, akaondoka na komeo. Uani tukabaki tunafunga kwa fimbo ya fagio.

Afande alituachia maneno machache. Anataka maelezo ya kueleweka ya silaha ile ilikotoka, mwisho Jumatatu. Yasipopatikana, ataandika kwamba silaha isiyojulikana asili imekutwa kwa marehemu Kondo, na mwenye nyumba aliyebaki atafika kituoni kuhojiwa.

Mwenye nyumba aliyebaki ni Bi Mwamvua, na Bi Mwamvua yuko eda. Hatoki nje ya mlango ule mpaka miezi yake minne na siku kumi itimie. Aliniita, akazungumza nami nyuma ya pazia.

"Kutoka sitoki," alisema. "Lakini na Kondo kuitwa jambazi na watu aliokuwa akiwasalimia kila asubuhi, hilo nalo silimezi. Wewe kazi yako vyuma. Nenda kakitafute chuma hicho kimezaliwa wapi."

Kituoni, kisha Gerezani

Kwenye ukoo wetu jibu lilikuwepo siku nyingi: baba yake mjomba alikuwa sajini wa Mjerumani. Hakuna aliyewahi kuona cheo hicho kimeandikwa popote, ila kwenye harusi kilikuwa kinapanda. Mara ya mwisho niliposikia alikuwa amekaribia kuwa kapteni.

Kituoni nilimwomba afande aniruhusu kuchukua alama kama tunavyochukua namba za chesisi gari linapouzwa: unaweka karatasi juu ya chuma, unasugua penseli kwa ubapa, alama zinajichora zenyewe. Akafurahi hata akasaidia, akafuta rangi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kijani ikatoka, bluu ikatoka, kijani ya babu ikatoka. Juu, pale mtutu unapoanzia, likajitokeza taji, na chini yake herufi zilizosukana. Ubavuni mstari mrefu wa herufi ndogo unaoishia na neno Berlin. Chini yake namba.

"Na bolti iko wapi?" akauliza. Alikuwa anasema kile chuma kinachovutwa nyuma na kusukumwa mbele kabla ya kufyatua. Mahali pake palikuwa na tundu tupu. Nikamwambia ukweli, kwamba utotoni tulikuwa tunaficha peremende humo. Akaandika kitu.

Nilichukua nakala mbili, kwa kuwa nakala moja ni sawa na hakuna. Gerezani nikafika nazo kifua mbele. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuzitandaza juu ya boneti badala ya kumwita mtu mmoja pembeni.

Wa kwanza, muuza taa, alitazama taji akasema hiyo ni nembo ya gari la Crown, taa zake za nyuma anazo, za kushoto tu. Wa pili akasema mwenye macho anaona ni mashine ya Mjerumani, Berlin imeandikwa, amkeni. Wa tatu, ambaye maisha yake yote ameuza vitu vilivyoandikwa vilikotoka bila kutoka huko, akacheka sana, akasema kuandikwa Berlin ndiyo dalili ya kwanza kwamba si ya Berlin. Fundi wa gia akahitimisha kwamba ni ya kuunganisha, mtutu wa huku na kitako cha kule, maana yeye hajawahi kuona kitu cha zamani kisichounganishwa, akiwemo yeye mwenyewe, ambaye ana vyuma viwili mguuni.

Wakanigeukia mimi. Nikatazama alama zangu kwa makini yote niliyonayo, nikasema bado nachunguza. Kicheko kilichofuata ndicho kilichoondoka na ile heshima niliyoihesabu mwanzoni kwenye hasara. Na nakala ya kwanza mtu alishaiwekea chapati ya maji juu yake, ikaingia mafuta, taji likawa kama konyeza wa baharini aliyekauka ufukweni.

Ila jambo moja lilinikaa. Kama chuma kimeandikwa Berlin, taji ni la nani? Mtu hachapi nembo ya mwenzake juu ya mali yake bure.

Mnazi Mmoja

Nilikata kwa Mnazi Mmoja kuelekea mjini, kwenye jumba la vitu vya kale. Viwanjani palikuwa na jukwaa linafungwa, spika zinajaribiwa, mtu anasema "moja mbili, moja mbili" kwa uchungu kama aliyesahau tatu. Nikakaa kwa muuza kahawa, nikachukua kikombe na kashata, nikatoa nakala iliyobaki nizitazame tena zile herufi.

Mtu akakaa karibu yangu, karibu zaidi ya ilivyohitajika. Alivaa koti la suti kubwa kumzidi, viatu vyeupe, na alinukia udi.

"Mkuu," akanong'ona, "hiyo alama umeikuta kwenye jiwe au kwenye mti?"

"Kwenye chuma."

Akafumba macho kama mtu anayesikia jina la mpenzi wake. "Chuma," akasema. "Basi ni sanduku lenyewe."

Mnawajua watu hawa. Nchi hii haina mlima ambao hawajauchimba wakitafuta dhahabu aliyoifukia Mjerumani. Wakiona jiwe lina mkwaruzo, ni alama. Huyu alijitambulisha kama Mtaalamu, na jina jingine hakunipa. Nilimweleza kwa utaratibu kwamba hakuna sanduku, hakuna dhahabu, ni bunduki ya marehemu mjomba wangu iliyokuwa inafunga mlango wa uani.

Akaitikia kwa kichwa, akatazama kushoto na kulia. "Sawa, mkuu. Tuiite bunduki."

Akalipa kahawa yangu na yake. Nikaongeza kashata ya pili, akalipa. Nikaona hakuna ubaya akinisindikiza.

Mjini, kwenye jumba la vitu vya kale

Nawapa funzo moja nililolipata getini pale. Mlinzi akikuuliza shida yako, usimjibu "nimekuja kwa ajili ya bunduki". Alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini taratibu sana, akasimama, akaniomba mkoba. Ukatoka spana namba kumi na mbili, chapati niliyoifungia kwenye gazeti, na karatasi yenye taji.

Mtaalamu akaona aniokoe. "Afande, si bunduki," akasema. "Tunaiita tu bunduki."

Tulikaa kwenye benchi la getini muda wa mtu kwenda kula chakula cha mchana na kurudi bila haraka, maana mlinzi alisema mhusika amekwenda kula na yeye hawezi kuwaruhusu watu wa namna yetu. Ndala yangu ya kulia ilikatikia hapo hapo, nilipojaribu kusimama kwa heshima mhusika aliporudi.

Mhusika alikuwa dada mwenye miwani, amebeba mihogo ya kukaanga kwenye mfuko wa karatasi. Aliusogeza mfuko katikati ya meza, tukala wote, akaichukua karatasi yangu akaigeuza kwenye mwanga. Hakuchukua muda.

"Hii herufi ni C," akasema, "na hiki unachodhani ni herufi I ni namba moja. Ni alama ya mfalme wa Ureno wa wakati ule, herufi ya jina lake, wa kwanza kwa jina hilo. Bunduki imetengenezwa Berlin kwa oda yake."

Hapo nikaelewa vizuri sana. Ni kama shati linaloshonwa China, lina nembo ya mteja wa Lubumbashi, na linauzwa Mtaa wa Kongo. Nikamwambia hivyo, akasema ndiyo, hasa.

Akanieleza njia yake. Mreno alikuwa Msumbiji na bunduki zake. Kwenye vita ya kwanza ya dunia, jeshi la Mjerumani lilivuka mto Ruvuma, likawanyang'anya Wareno bunduki nyingi za aina hii, likatembea nazo. Nikamwambia basi sawa, babu alikuwa sajini wa Mjerumani, mambo yamekaa. Akatafuna muhogo wake, akaniuliza kwa upole kama kuna chochote cha kuonyesha usajini huo. Nikataja harusi.

"Askari bunduki yake ilikuwa na hesabu," akasema. "Vita ilipokwisha zilikabidhiwa. Iliyofika mpaka mlango wa uani, Kariakoo, ilipita kwenye mikono ambayo hakuna aliyeihesabia bunduki. Babu yenu hakuwa mpagazi?"

Sikulipenda swali hilo. Kariakoo yenyewe ilipata jina kwa wapagazi wa jeshi waliopiga kambi pale, kila mtu analijua hilo, lakini kila mtu analijua kwa babu wa jirani.

Dada yule akaendelea na lililomhusu afande. Bunduki isiyo na bolti huporei nayo hata genge la nyanya. Lakini afande ana haki ya kusema bolti imefichwa jana. Bolti nayo ina namba yake, ileile ya kwenye mtutu. Ikipatikana, namba zikalingana, na akapatikana mtu wa kusema imekaa wapi miaka yote hii, mzee wenu amepona.

Nikatoka nje nikampigia Bi Mwamvua. Nikamweleza Berlin, Ureno, Ruvuma. Usajini nikauruka. Nilipotaja bolti akasema ngoja.

"Kila Idi," akasema, "Kalunde akija kula biriani, Kondo alikuwa anamwuliza, 'Nusu yangu nzima?' Na yeye anajibu, 'Inakula kuliko wewe.' Mimi nilidhani ni maneno yao ya ovyo tu. Nenda kwa Kalunde."

Kivukoni na pantoni

Bi Kalunde anakaa Kigamboni. Na kwa mtani huendi mikono mitupu kuomba jambo, labda uwe unataka kurudi bila suruali.

Pale Feri nikanunua jogoo kwa mama mmoja mwenye tenga. Tulibishana kwa raha sana. Yeye alisema jogoo ni wa kienyeji, nikamwambia mwenyeji wa wapi. Akasema miguu ya njano, nikamwambia miguu hailiwi. Akasema kama hailiwi nimrudishie miguu. Nikakubali bei yake, jambo ambalo hamtalisikia kwangu mara nyingine. Ndala nilitembea na moja, nyingine nimeishika, kisha nikaona naonekana kituko zaidi, nikaitupa ile iliyokatika.

Nilipogeuka Mtaalamu hayupo. Nikasema afadhali. Nilikuwa nimeshapanga foleni ya pantoni, nyuma ya ndoo za samaki, aliponifikia akitweta, na kitu kirefu kimefungwa gazeti kwapani. Mpini ulikuwa unaonekana. Alikuwa amenunua jembe.

"Kumbe ni ng'ambo," akanong'ona. Macho yalikuwa yanamng'aa. Alishanikatia tiketi. "Na jogoo ni wa kafara, eh? Mkuu, nilijua tangu kahawa kwamba wewe si mtu wa mchezo."

Nilijaribu mara ya mwisho. Nikamwambia jogoo ni wa mtani, tunakwenda kumwona mama muuza asali, na kitu tunachotafuta ni kipande cha bunduki.

"Kipande," akasema, akimpapasa jogoo kichwani. "Sawa kabisa. Mzigo mkubwa hautoki siku moja."

Pantoni ilisimama katikati ya maji kupisha meli. Injini inanguruma, jua linapiga, jogoo akaanza kuwika. Abiria wote wakatutazama: mtu mwenye ndala moja na jogoo, pembeni yake mtu wa suti na jembe. Mama mmoja alihamisha watoto wake upande wa pili.

Kwa Bi Kalunde

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mtoto wa jambazi. Huo mguu mwingine umeuza?"

Alikuwa kibarazani amezungukwa na chupa za asali ya Tabora, anaponda vitunguu saumu kwenye kinu kidogo. Nikamkabidhi jogoo. Akampima kwa mkono, akasema huyu ni wa kulipia salamu tu, maombi yanataka mbuzi. Tukabishana. Nilimtoa kwenye mbuzi nikamleta kwenye jogoo wa pili, kisha tukakubaliana jogoo yule yule mmoja, ila ninunue asali chupa mbili kwa bei aipendayo. Nilijiona mshindi mpaka aliponitajia bei.

Kisha nikamwambia lililonileta. Nilimweleza na video, na afande, na Jumatatu. Hakuwa anajua. Simu yake ni ya kubonyeza. Nilipofika kwenye habari ya Bi Mwamvua kutolewa eda akahojiwe, aliacha kuponda.

Akatoa mchi kwenye kinu, akaufuta kwa upindo wa kanga, akanipa. Ulikuwa wa chuma, mfupi, mzito, una mkono uliochomoza pembeni na kifundo mwishoni. Unanuka vitunguu. Umeng'aa kwa miaka ya kuponda tangawizi. Kwenye shina la ule mkono kulikuwa na namba.

Nikatoa karatasi. Nikasoma namba ya karatasi, nikasoma ya chuma. Nikarudia nikianzia mwisho kurudi mwanzo. Zilikuwa moja.

"Baba yangu na baba yake Kondo walikuwa wapagazi," alisema. "Usajini waliupata kwenye harusi zenu. Walirudi kutoka kusini kwa miguu, wamebebeshwa bunduki za kuteka, zimefungwa matita kama kuni. Mwisho wa safari tita moja lilikuwa na upungufu."

Nikauliza nani aliichukua.

"Wote wawili. Na kwa sababu hakuna Mnyamwezi anayemwamini Mzaramo njiani, na nyinyi hamtuamini hata mkiwa kitandani, waliigawa. Mzaramo akachukua gogo, baba akachukua roho. Hakuna wa kuiuza bila mwenzake, hakuna wa kumpiga mwenzake. Wakakaa hivyo mpaka wakafa. Nasi tukarithi."

Nikasema, taratibu, kwamba basi kumbe ni wizi kweli.

"Nusu ya wizi," akasema Bi Kalunde. "Nusu nyingine ni ya baba yangu, na huyo alikuwa mtu mwema."

Kufikia hapo tulisikia jembe likigonga ardhi nyuma ya nyumba. Mtaalamu alikuwa amesikia "mzigo", "wakaigawa" na "roho", akaona asipoteze muda. Bi Kalunde alimwendea. Hakufoka. Alimwambia tu kwamba palepale anapochimba alitaka kupanda mihogo, na aendelee mpaka kwenye ule mnazi. Akaendelea.

Nikamwomba ombi langu kuu, aje nami Jumatatu kituoni na ile bolti, amweleze afande kama alivyonieleza mimi, amsafishe mjomba.

"Nitakuja," akasema. "Na mchi wangu nitauleta. Lakini kumsifu Kondo simsifu."

Nikamwambia si kumsifu, ni kusema tu kwamba hakuwa jambazi.

"Hiyo kwa mtani ni sifa." Akarudi kwenye kinu, akaponda kwa kipande cha jiwe. "Tangu nina akili yangu huyo mtu namwita jambazi, naye ananiita mchawi. Siku nilipofiwa na mume wangu alikuja akavaa magauni yangu, akapika uji mbaya kuliko wote duniani, ndiyo nikaweza kula. Nikisimama mbele ya mtu wa serikali nikasema Kondo alikuwa mtu mwema, basi nitakuwa nimemzika. Nyinyi mmeshamzika. Mimi bado."

Nilijaribu kutafuta bei ya jambo lile, mara ya kwanza sikuiona, na mara ya pili sikuiona.

Kurudi Muhonda

Mtaalamu tulimwacha anachimba. Bi Kalunde alisema atampa chakula, kwani amefika kwenye mstari wa tatu na mistari yake imenyooka.

Nyumbani nilikaa nje ya pazia nikamsimulia Bi Mwamvua yote, pamoja na usajini uliovunjika, pamoja na maneno ya Bi Kalunde neno kwa neno. Nilipomaliza nikadhani analia. Kisha nikasikia anacheka, kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu mguu uliokufa ganzi.

"Huo uji naukumbuka," akasema. "Aliungua vidole vyote." Kisha akaniagiza: "Usimlazimishe Kalunde. Aseme anavyojua kusema. Tafuta wa kumwelewesha afande."

Basi hapo ndipo nilipo. Bunduki iko kituoni, bolti iko Kigamboni kwenye kinu, namba zinalingana, na taji tumelijua ni la nani. Shahidi ninaye, tena atakuja mwenyewe, akiwa amevaa vizuri, na jambo la kwanza atakalomwambia afande ni kwamba marehemu alikuwa jambazi mkubwa na yeye ni mwenzake. Afande anatoka upande mwingine kabisa wa nchi, utani wetu haujui. Nilimpima kidogo kwa mzaha nilipokwenda kuchukua alama, na alichonijibu ni kuniomba kitambulisho. Akiandika maneno ya Bi Kalunde kama yalivyo, Bi Mwamvua anatolewa eda, na yule bibi wa watu analala ndani pamoja na mchi wake.

Siwaombi mchango. Naomba ushauri, na uwe wa kutumika kabla ya Jumatatu asubuhi: nani kati yenu ana ndugu, shemeji, hata mdeni, Mzaramo au Mnyamwezi aliyevaa sare, anayeweza kuomba zamu kwenye kituo chetu siku hiyo akakaa pembeni ya afande, na kila Bi Kalunde akifungua mdomo, yeye acheke?